Uvimbe Kinywani mwa Mtoto Mchanga: Weka Wembe Chini

Leo sitazungumza juu ya malaria wala kuhara, maana hayo mmeyasikia hata mnaweza kunifundisha mimi. Leo naomba tuchungulie kinywa cha mtoto aliyezaliwa jana.

Miaka kadhaa iliyopita, nikifanya kazi katika kituo kimoja cha afya mashinani, aliletwa mtoto wa kike wa siku mbili. Alikuwa amezaliwa nyumbani usiku wa mvua. Mama yake, msichana wa miaka kama ishirini hivi, alikuwa amemfunika uso kwa leso na hakutaka kuifunua mbele ya akina mama wengine waliokuwa kwenye benchi. Nikawaingiza chumbani, nikafunga mlango. Alipofunua, niliona kinyama cha rangi ya waridi kimetokeza kati ya midomo. Kilikuwa laini, kinang'aa, ukubwa wa zabibu, na kilining'inia kwenye ufizi wa juu kwa kikonyo chembamba, kama tunda kwenye kijiti.

Pale kijijini habari ilikuwa imeshaenea kwamba mtoto amezaliwa na ndimi mbili. Wengine walisema mama alimcheka mtu mwenye kilema alipokuwa na mimba. Baba wa mtoto alikuwa ameondoka nyumbani tangu asubuhi na hakuna aliyejua amekwenda wapi. Nyanya ndiye aliyewasindikiza. Alifungua pindo la leso yake akanionyesha wembe mpya na uzi mweusi.

"Sista," akaniambia, "nisaidie kumshika tu. Hiki tukikifunga uzi leo, kesho kimeanguka."

Nikamwambia, "Nyanya, ngoja kwanza. Hebu nikuonyeshe hiki ni kitu gani."

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Mtoto alikuwa hajanyonya vizuri kwa siku mbili, kila akishika titi linamponyoka, na nyanya yule alitaka mjukuu wake ale. Lakini msikilizaji, huo uzi na wembe ndio ulionifanya niandike mazungumzo haya.

Uvimbe ule una jina. Wataalamu huuita epulisi ya kuzaliwa nayo. Daktari mmoja wa Ujerumani, Neumann, ndiye aliyeueleza kwanza katika maandishi mwaka wa 1871, kwa hiyo si jambo la kijiji kimoja wala la ukoo mmoja. Hutokea sana kwa watoto wa kike, karibu mara nane hadi kumi kuliko wa kiume, na mara nyingi huota kwenye ufizi wa juu, upande wa mbele. Mara nyingi huwa mmoja tu, ingawa mtoto mmoja kati ya kumi hivi wenye tatizo hili huwa na zaidi ya mmoja. Si saratani, na haugeuki kuwa saratani. Jambo la ajabu ni kwamba hukua mtoto akiwa tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho, kisha akizaliwa huacha kukua. Ule mdogo usiozuia kunyonya huweza hata kunywea wenyewe polepole, na daktari huamua kuuangalia tu. Ule mkubwa hukatwa na daktari wa upasuaji, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kipande kilichotolewa hupelekwa maabara kihakikishwe. Ukishakatwa haurudi. Mtoto hunyonya, na meno yake huota kama ya wenzake.

Sasa, mbona nyanya asifunge uzi, kama ni jambo dogo hivyo? Kwanza, ndani ya kile kikonyo mna mishipa ya damu. Mtoto mchanga wa kilo tatu ana damu isiyofika hata kikombe kimoja na nusu cha chai. Kiasi ambacho wewe ungepangusa kwa kitambaa na kuendelea na kazi, yeye kinamwangusha. Tena mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa kawaida hajadungwa sindano ya vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda. Pili, uzi na wembe huleta pepopunda na maambukizi ya damu. Tatu, kinyama kikikatika usiku mtoto akiwa amelala chali, kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Na nne, kwa macho tu huwezi kujua kama ni epulisi au ni kitu kingine, na hicho kingine ndicho nataka tukizungumzie sasa.

Lakini kabla ya hapo niwatoe hofu, maana najua kesho mtanijia kliniki mkiwa mmepanua vinywa vya watoto wote wa mtaa. Vitu vingi mtakavyoviona si ugonjwa. Ukiona vijipele vyeupe, vigumu kidogo, kama punje za mchele mdogo katikati ya kaakaa, hivyo huitwa lulu za Epstein. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga huwa navyo. Vingine vya namna hiyo hukaa kwenye ufizi na watu hudhani ni meno. Huisha vyenyewe katika wiki chache. Usivisugue kwa chumvi, usivikwangue kwa kucha, usivipake chochote.

Kuna pia meno ya kweli ambayo mtoto huzaliwa nayo, kwa kawaida mbele, ufizi wa chini. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 3,000. Mahali pengi mtoto huyo ameitwa mkosi, na huko nyuma wengine walitupwa. Ni meno ya utotoni yaliyotangulia kutoka, basi. Yakiwa imara huachwa. Yakilegea sana hata kuna hatari ya mtoto kuyameza kwa njia ya hewa, au yakimchubua chini ya ulimi asiweze kunyonya, daktari wa meno huyang'oa, naye huuliza kwanza kama mtoto amepata ile vitamini K.

Na yale mnayoyaita meno ya plastiki? Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, ufizi unaonekana umefura mahali ambapo jino la chonge litaota. Anapelekwa kwa fundi, fundi anachokoa kwa spoku ya baiskeli au kisu, anatoa kitu cheupe laini na kusema huyu ndiye mdudu. Yule si mdudu. Ni jino changa la mtoto wako, lililokuwa linangoja zamu yake. Mtoto anarudi nyumbani na kuhara kwake kule kule, sasa pamoja na kidonda, na huenda na jino la ukubwani limeharibiwa hukohuko ndani. Ninao watoto niliowaona wakifikishwa hospitali baada ya hapo wakiwa weupe kama karatasi kwa kuishiwa damu. Kukata kimeo ni vivyo hivyo. Kimeo ni kiungo cha kawaida cha koo, kila mtu anacho, na kikohozi cha mtoto hakitoki hapo.

Haya, turudi kwenye uvimbe wenyewe.

Ukimwinua mtoto ulimi ukaona kifuko cha rangi ya buluu, laini, kimejaa majimaji, huenda ni mate yaliyokosa njia ya kutoka. Wataalamu wa kale walikiita kwa Kilatini ranula, maana yake kijichura, kwa kuwa kinafanana na tumbo la chura. Kikiwa kidogo kinaweza kupasuka na kwisha. Kikiinua ulimi hata mtoto ashindwe kunyonya, ni kazi ya daktari.

Uvimbe ulio nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi, una hadithi yake. Tezi ya shingoni, ile inayofura watu wakipata rovu, haianzii shingoni. Mtoto akiwa tumboni wiki za mwanzo tezi hiyo huanza kwenye shina la ulimi, kisha hushuka hadi mahali pake. Kwa watoto wachache haishuki. Hubaki palepale na kuonekana kama donge jekundu. Sasa fikiria mtu amelikata donge hilo akidhani ni takataka, kumbe ndiyo tezi pekee aliyo nayo mtoto! Bila homoni ya tezi hiyo mtoto hadumai mwili tu, hata akili hudumaa. Ndiyo maana daktari mwenye busara hupiga picha ya shingo kwanza, hupima damu, ndipo anazungumza habari za kisu. Mahali hapohapo huweza pia kuota kifuko cha maji kinachoziba koo, na huyo mtoto utamsikia akikoroma kila avutapo pumzi.

Uvimbe mwingine ni wa shingoni, chini ya taya, wakati mwingine ukipanda hadi ndani ya ulimi na sakafu ya kinywa. Ukiugusa ni laini kama mfuko wa maji, na ukiumulika kwa tochi gizani mwanga hupita. Mwilini tuna mishipa ya damu, na pia tuna mishipa membamba ya limfu inayokusanya majimaji na kuyarudisha kwenye damu. Mishipa hiyo ikikosa kuunganishwa vizuri mtoto akiundwa, majimaji hukwama na kufanya vifuko. Takriban nusu ya uvimbe huu huonekana siku ya kuzaliwa, na karibu wote kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili. Si saratani. Lakini mtoto akipata mafua, au damu ikivuja ndani, unaweza kufura ghafla kwa saa chache na kubana njia ya hewa. Madaktari huutibu kwa upasuaji, au kwa kudunga ndani yake dawa inayovikausha vifuko. Usitobolewe kwa sindano nyumbani. Maji yatatoka, ndiyo, utafurahi siku moja, kisha yatarudi na usaha.

Kuna mmoja ambao hauonekani siku ya kwanza. Ni uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Mtoto huzaliwa mzima, mkaenda nyumbani mkifurahi, halafu akiwa na mwezi mmoja hadi mitatu anaanza kupumua kwa sauti ya mfilimbi. Anatibiwa pumu, anatibiwa nimonia, anapata nafuu siku mbili, inarudi. Mtazame kidevu na taya. Ukiona alama nyekundu zimetanda kama mahali pa kuota ndevu, mwambie daktari waziwazi: "Daktari, naomba koo la mtoto huyu liangaliwe." Tangu mwaka wa 2008, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipogundua kwamba dawa ya shinikizo la damu iitwayo propranolol huunyausha uvimbe wa aina hii, watoto wengi wamepona bila kisu. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mtoto, hospitalini. Usije ukachukua vidonge vya presha vya babu ukampa mtoto!

Lakini si kila mtoto akoromaye ana uvimbe. Wengi wao zoloto lao ni laini tu, hujikunja wakivuta pumzi, na hukakamaa wenyewe kadiri wanavyokua. Hata hivyo apimwe.

Sasa nifike kwenye ule mgumu kuliko yote. Huitwa epignathasi, nao ni nadra mno, mtoto mmoja kati ya 35,000 hadi 200,000. Huota kutoka kwenye kaakaa au koo na kujaza kinywa chote, wakati mwingine ukatoka nje ukiwa mkubwa kama ngumi, na mtoto hawezi kufunga midomo. Ndani yake huweza kukutwa ngozi, nywele, mafuta, mfupa, hata jino. Mnaweza kuona jinsi watu walivyoweza kusema ni jini, au ni pacha aliyemezwa. Maelezo yake ni haya: wiki za mwanzo kabisa za mimba kuna chembechembe zenye uwezo wa kuunda kila kiungo. Chache zikipotea njia na kukaa mahali pasipo pake, huendelea na kazi yao hapohapo bila mpango. Mama hakufanya kosa. Hakumcheka mtu, hakula kitu kibaya.

Mtoto mwenye uvimbe huu hafi kwa sababu ya uvimbe kuwa mbaya. Hufa kwa kukosa hewa katika dakika za kwanza. Tumboni alikuwa salama, kwa sababu hewa ilimfikia kupitia kitovu. Kitovu kikikatwa lazima apumue kwa kinywa na pua, na njia imezibwa.

Kwa hiyo uhai wake hutegemea kama tulijua mapema. Na dalili huwa ipo. Mtoto tumboni humeza maji ya uzazi na kuyakojoa, humeza na kukojoa, kila siku. Kinywa kikizibwa hamezi, basi maji hujaa. Tumbo la mama huwa kubwa kupita miezi yake, linang'aa, anahema akilala chali, na uchungu waweza kuanza kabla ya wakati. Mama, tumbo likikua haraka hivyo usiridhike na majirani wakisema "hao ni mapacha." Rudi kliniki, tukupime kwa utepe, uende skani. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 2016 limependekeza kila mama mjamzito apate skani moja kabla ya wiki 24. Mimi naongeza kwamba skani hiyo ikiwa safi lakini tumbo likafura baadaye, omba nyingine, maana hata ile epulisi ya ufizi hukua mwishoni.

Tukijua mapema, mama hupangiwa kuzalia hospitali kubwa ya rufaa yenye daktari wa upasuaji wa watoto na daktari wa koo. Kuna njia moja ambayo kila nikiifikiria hunishangaza. Mama hupasuliwa, mtoto hutolewa kichwa na mabega tu. Kondo la nyuma halijang'oka, kitovu hakijakatwa, mtoto bado anapumulia kwa mama yake. Katika dakika hizo chache mtaalamu hupitisha mpira wa hewa kooni, au akishindwa hutoboa shingo kwa mbele na kuuweka hapo. Hewa ikishaingia ndipo kitovu hukatwa. Uvimbe wenyewe hutolewa baadaye. Kazi hiyo huhitaji makundi mawili ya wataalamu na matayarisho ya siku nyingi, na haiwezekani mama akifika lango la hospitali saa nane za usiku akiwa juu ya bodaboda.

Na ikiwa mtoto ameshazaliwa nyumbani au kwenye zahanati, na kinywani mna kitu? Usimlaze chali kama anahangaika kupumua. Mlaze ubavu, au kifudifudi kifuani pako, uso ukiangalia pembeni ili uvimbe na ulimi vianguke mbele, mwili wake ukigusana na wako apate joto, na mtu awe anamtazama kila wakati. Usiingize kidole kuusukuma. Usimpe maji ya sukari, asali wala dawa ya mitishamba. Akiwa anapumua vizuri lakini hawezi kunyonya, kama maziwa yako katika kikombe kidogo kilichochemshwa, umpe taratibu akiwa ameinuliwa. Akipaliwa acha, hospitalini watampitishia mpira mwembamba wa maziwa puani. Na usikawie hata kidogo ukiona midomo ya buluu, kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, mlio akipumua, mate yakimtiririka bila kumezeka, damu, au uvimbe unaokua siku hadi siku. Uvimbe wa utaya wa juu unaokua haraka katika mwaka wa kwanza, ukiwa na weusi-weusi na ukisukuma meno, huo usingoje hata wiki.

Nina jambo la kukiri. Katika kituo kingine, ambacho sitakitaja, tulimzalisha mama mmoja nasi tukamwandika mtoto kwamba ni mzima. Alilia vizuri, uzito mzuri. Hakuna aliyeweka kidole kinywani mwake. Usiku alipaliwa na maziwa mara tatu, na asubuhi mama ndiye aliyetuita akasema, "Sista, kuna kitu chini ya ulimi." Mtoto yule alipona, lakini si kwa sababu ya uangalifu wetu. Tangu siku hiyo siachi mtoto atoke chumba cha kujifungulia kabla sijavaa glavu safi, nikapapasa kaakaa, ufizi na chini ya ulimi, kisha nikamulika kwa tochi. Haichukui hata dakika moja. Nawe mama una haki ya kuuliza: "Mmeangalia kinywa cha mtoto wangu?" Muuguzi akikunja uso, mwulize mara ya pili.

Kuhusu pesa, najua ndilo swali lililo midomoni mwenu. Tangu Oktoba 2024 ile NHIF tuliyoizoea imekwisha, na mahali pake kuna SHA. Jiandikishe ukiwa mjamzito, si siku ya uchungu, na mtoto akizaliwa mwongeze kwenye jina lako mapema. Barua ya rufaa uichukue, na kijitabu cha mama na mtoto ukibebe hata kama kimelowa mvua.

Yule mtoto wa ndimi mbili alipelekwa hospitali ya kaunti siku ileile, na kutoka hapo akapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Siku ya tano alikatwa kile kinyama, na kesho yake akashika titi. Baba alirudi. Nilimwona nyanya miezi kadhaa baadaye kliniki ya chanjo, mjukuu mgongoni. Akamgeuza, akampanulia mdomo mbele ya benchi zima la akina mama, akasema, "Tazameni, ulimi ni mmoja."

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya homa ya manjano ya watoto wachanga, na kwa nini jua la asubuhi peke yake halitoshi. Kwaheri kwa sasa.